Sakafu ya Juu ya Bi Mwanamkasi

Mama yangu hajasoma chuo kikuu, lakini ukaguzi anaujua. Siku aliyosikia kwamba Yusra anataka kuja kupima nyumba yetu kwa ajili ya masomo yake, hakuuliza anapima nini. Aliuliza anakuja saa ngapi. Akafagia ngazi mpaka chini, akatoa vile vikombe vya kabatini ambavyo sisi watoto wake tunavitazama tu kwa nje ya kioo, kisha akaniita.

"Talib, siku hiyo usinikalie hapa na mdomo wako. Nataka nimuone huyo binti anavyovua viatu."

"Viatu vina nini, mama?"

"Wewe huyajui haya. Akivirusha mlangoni, mie nshamaliza."

Sikuyajua kweli. Mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi, kijiduka changu kipo Mlandege, na elimu yangu imeishia kidato cha nne, tena huko kwenyewe niliingia kwa kusukumwa. Yusra yuko mwaka wa pili wa masta, na masta yenyewe ya hatari na usalama. Mara ya kwanza aliponitajia nilimuuliza kama kweli mtu anahitaji kukaa darasani miaka miwili ili ajue kwamba moto unaunguza. Alicheka. Mimi kwa kicheko kile nikapotea, na miezi kumi na moja baadaye nilikuwa bado sijarudi.

Mama alikuwa keshakubali, kwa namna yake. Harusi ya dada yangu Mardhiya ikishapita Ijumaa ile, wazee watapeleka barua ya posa kwa kina Yusra. Kilichobaki kilikuwa macho ya mama tu. Na bahati ikatenda kwamba nyumba yetu ya Kiponda imo katika orodha ya nyumba ishirini anazozichunguza Yusra, zile nyumba kongwe za mawe zinazojaa watu siku za shughuli.

Akaja Jumamosi, saa nne asubuhi. Alivua viatu, akavipanga pembeni, ncha zikitazama nje. Mama akanitupia jicho. Kapita.

"Shikamoo, Bi Mwanamkasi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Wazima nyumbani?"

"Wazima, alhamdulillahi. Wanakusalimu."

Mimi niliambiwa niondoke. Nikakumbuka kwamba mfereji wa jikoni unavuja, nikabaki.

Walikuwa kichekesho wale wawili. Yusra anapima upana wa ngazi kwa tepu, mama anampima Yusra kwa macho. Yusra anauliza mlango wa nyuma unafunguka upande gani, mama anauliza bibi yake mzaa mama ni mtu wa wapi. Mmoja anaandika majibu kwenye karatasi, mwengine kichwani.

Wakapanda juu, nami nyuma yao na spana mkononi, kana kwamba na huko kuna mfereji. Ukumbi wa juu ndiyo fahari ya mama. Madirisha manne yenye vioo vya rangi, sakafu ya chokaa iliyong'arishwa na nyayo za watu wengi ambao sasa ni marehemu, na kiyoyozi nilichomfungia mimi mwenyewe miaka mitatu nyuma alipotoka hospitali. Wageni wote huonyeshwa kiyoyozi kile. Yusra naye akaonyeshwa.

"Kanifungia mwanangu. Fundi mzuri, hata kama hamalizi sentensi bila upuuzi." Halafu akamuonyesha ukuta wa mbele. "Mie nilikalishwa pale siku ya harusi yangu. Marehemu mama alikalishwa palepale. Ijumaa, inshallah, anakalishwa Mardhiya."

"Mmealika watu wangapi, Bi Mwanamkasi?"

"Wanawake mia. Watakuja mia na khamsini. Na ngoma ya kidumbaki ikishaanza, mwanangu, hapana anayebaki kitako."

Yusra aliandika mia na khamsini. Nikachungulia begani mwake. Pembeni ya ile nambari alikuwa ameongeza neno moja: *wanacheza*.

Mama akaenda kutengeneza chai. Sisi tukashuka chumba cha chini yake, ambako ukitazama juu ungeona boriti zinazobeba ukumbi, kama mimi nisingezifunika kwa plaiwudi nyeupe mwaka juzi.

"Umefunika kwa nini?" akaniuliza.

"Urembo."

"Talib."

"Kulikuwa na doa. Mama hapendi madoa."

"Nifungulie moja."

Nikafungua ubao wa kona. Alipanda juu ya kigoda, akaanza kugonga boriti kwa mpini wa bisibisi, kutoka katikati kwenda ukutani. Katikati ilijibu kwa sauti kavu. Karibu na ukuta haikujibu kitu. Akaigeuza bisibisi, akaisukuma kwenye ule mwisho wa boriti unaoingia ukutani. Iliingia mpaka mpini, kama kisu katika mkate wa boflo.

Akajaribu ya pili. Ya tatu. Ya nne.

Sijapata kumuona Yusra vile. Uso wake ulitulia kabisa, na macho yalikuwa yanafuata kitu kando ya ukuta, taratibu, kutoka boriti hadi kwenye doa, kutoka doa hadi kwenye kibomba cheupe kilichochomekwa ukutani. Halafu akanitazama mimi. Sikuupenda ule mtazamo kwa sababu haukuwa na hasira. Ulikuwa na huruma.

"Chai tayari!" mama aliita.

Alikunywa chai. Akasifu mkate wa ufuta. Kikombe kilitetemeka kidogo mkononi mwake, na alipoondoka mama alikaa akitabasamu peke yake.

"Mtoto ana haya," alisema. "Umemuona mkono? Wa siku hizi hawatetemeki."

*

Jumatatu adhuhuri Yusra alikuja dukani. Alikaa kwenye kibao cha wateja, mlango wazi, katikati ya mafriji mawili yaliyofunguliwa matumbo. Barabara nzima ya Mlandege ilikuwa inapita mbele yetu, na nusu yake ilikuwa inachungulia.

"Nilimwandikia msimamizi wangu wa masomo kuhusu nyumba yenu," alianza. "Sheria inataka niseme kama nna uhusiano na mwenye nyumba."

"Ukasema uhusiano gani?"

"Nikaandika, 'inawezekana ukawapo.'"

"Inawezekana!" Nilishika kifua. "Miezi kumi na moja mimi ni 'inawezekana'?"

"Akanijibu vilevile. Uwezekano wa kiasi gani? Mdogo, wa wastani, au mkubwa? Katika somo letu lazima uupime."

"Ukampa kipi?"

Alitazama chini, akakunja pembe ya buibui lake kidoleni, akaikunjua.

"Mkubwa," alisema.

Mtu akishapewa neno kama lile angenyamaza, afunge duka, aende akaswali rakaa mbili za shukrani. Mimi nilikuwa namtazama tu jinsi kivuli cha ukope wake kilivyolala shavuni. Ndipo alipotoa simu, akanionyesha picha ya ukuta wetu.

"Hiki kibomba ni cha nini, Talib?"

Nilijua. Nilikuwa nimejua tangu Jumamosi, na labda tangu mwaka juzi, siku niliyopigilia plaiwudi.

Kiyoyozi kinatoa maji, na maji yale lazima yapelekwe nje. Nilipokifunga, kibomba kilimwaga uchochoroni. Uchochoro wetu hauna upana hata wa mkokoteni, na ndiyo njia ya msikitini. Wiki ya kwanza tu walikuja watu watatu kulalamika kwamba wanatawadha nyumbani, wakipita kwetu wanadondokewa vichwani na maji wasiyoyajua asili yake. Nikaona aibu. Nikakivuta kibomba ndani, nikakichomeka kwenye tundu la ukuta. Ukuta wa mawe na chokaa unakunywa maji kama mtu wa Ramadhani saa kumi na mbili na nusu. Halikudondoka tone tena. Majirani wakanishukuru, nami nikajiona fundi wa mafundi.

"Miaka mitatu ukuta unakunywa," Yusra alisema. "Na ncha za boriti zimo humo humo ndani ya ukuta."

"Ngapi zimeoza?"

"Nilizoziona ni nne, zimefuatana. Sijafungua ubao wa pili."

"Basi Ijumaa wanawake wanene watabaki chini. Nitasimama mlangoni na mizani."

Hakucheka.

"Watu mia na khamsini waliokaa ni uzito," alisema. "Watu mia na khamsini wanaopiga mguu pamoja kwa mdundo mmoja ni kitu chengine kabisa. Kidumbaki hakimngoji mtu aondoke juu ya boriti mbovu."

"Tutie vigogo vya kuegemeza."

"Nani atavitia? Wewe? Kazi ile inataka fundi wa nyumba za mawe, na afungue dari yote kwanza. Kwa siku nne?"

"Ngoja basi mpaka Jumamosi." Nilijisikia nikisema, na sauti ilikuwa yangu. "Siku tano tu, Yusra. Harusi ipite, barua yetu iende, halafu peleka ripoti yako unakotaka. Ile nyumba imesimama miaka mia na kitu. Siku moja itaishinda?"

Alizima simu, akaitia mkobani.

"Unajua kwa nini nasoma hii kitu?" aliniuliza. "Kila mtu ananiuliza nimekosa nini cha kusoma. Nilipokuwa skuli, roshani ya jirani yetu ilishuka asubuhi moja. Ikaanguka njiani, mbao na mawe yote. Hakufa mtu. Watu wakasema alhamdulillahi, wakarudi ndani kunywa chai. Mimi nilikuwa nimepita chini yake nikitoka kununua maandazi. Mfuko ulikuwa bado una moto mkononi. Chai ile nilishindwa kuinywa. Nilikuwa nataka mtu mmoja tu aniambie nani alikuwa anajua."

"Na nani alikuwa anajua?"

"Nyumba nzima. Walikuwa wameihama wao, wakaacha kutuambia sisi wapita njia, kwa sababu wataonekanaje?"

Nilikuwa na mzaha tayari ulimini. Mimi huwa nao kila wakati, unakuja wenyewe kama kikohozi. Yusra akauona kabla haujatoka.

"Usiseme kitu," aliniambia. "Wewe una plaiwudi mbili, Talib. Moja umeipiga darini, na nyengine ni hiyo mizaha yako. Pakitokea doa unafunika, watu wanacheka, mambo yanakwisha. Mimi nacheka pia. Lakini siwezi kuolewa na mtu nikawa kila siku nagonga kujua nyuma yake kuna nini."

Maneno yale yaliniingia mpaka mpini.

"Kesho laasiri nakuja kwenu na ripoti," alisema akisimama. "Hatari nitaisema mimi, hiyo ni kazi yangu. Sababu yake sitaitaja, wala sitakutazama. Hiyo ni yako."

"Mama atakukasirikia."

"Najua."

"Barua ya posa, Yusra…"

"Najua," alirudia, na safari hii sauti yake ilikatika katikati. Akatoka, akaingia katika lile jua la Mlandege, nami nikabaki na mafriji yangu mawili, hapana hata moja lililopoa.

*

Siku ya Jumanne nilirudi nyumbani mapema. Mama alikuwa chumba cha chini pamoja na kaka yake, mjomba Abdulhakim, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo na ndiye angepeleka barua yangu. Mardhiya alikuwa amekaa juu ya mkeka, uso umepakwa liwa, haruhusiwi kucheka lisije likapasuka. Kwa muda wa siku mbili sikuwa nimemsemesha, na alikuwa anadhani naumwa.

Yusra alikuja baada ya laasiri. Viatu vilevile, pahali palepale. Mama akamkaribisha kwa bashasha mpaka alipoona karatasi.

Alieleza vizuri. Hakutumia maneno ya chuoni. Alisema boriti nne zimeoza kwenye ncha, sakafu ya juu haiwezi kubeba shughuli ya Ijumaa, na kwamba kwa taratibu za masomo yake akikuta jambo la haraka lazima mwenye nyumba aambiwe kwanza, halafu msimamizi wake.

Mama aliweka kikombe chini.

"Nyumba hii," alisema taratibu, "haijapata kuangusha hata sahani."

"Najua, Bi Mwanamkasi."

"Hujui. Ungejua usingekuja siku tatu kabla ya harusi ya mwanangu ukaniambia watu watakufa ukumbini kwangu. Kwetu sisi biharusi hatajiwi hata mvua! Wewe unanitajia maafa, mwenyewe kakaa hapo na liwa usoni?"

"Mwanamkasi, taratibu," alisema mjomba.

"Taratibu gani, kaka? Huyu hajaingia nyumbani keshaitia nuksi nyumba. Akiingia je?" Akamgeukia Yusra. Mdomo wake ulikuwa unatetemeka, na mimi ninayemjua nikaona kwamba ile haikuwa hasira tupu. Ilikuwa woga umevaa nguo za hasira. "Sikiliza, mwanangu. Nilikupenda. Wallahi nilikupenda tangu mlangoni. Lakini karatasi hiyo ikitoka humu ndani kwenda kwa mtu mwengine, barua yetu sisi haitoki. Chagua."

Nje alipita muuza kahawa akigonga vikombe vyake, akaenda zake.

Yusra hakunitazama. Aliahidi hatanitazama, na ahadi aliitimiza.

"Hicho unachotaka kuninyima, Bi Mwanamkasi, nakitaka sana," alisema. "Nisikufiche. Nakitaka kuliko hiyo masta. Lakini siwezi kukipata kwa kunyamaza, halafu Ijumaa nikae kwetu nasikilizia simu."

Akaikunja ile karatasi, akaiweka mapajani. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na hakuyafuta, kwa sababu kuyafuta ni kuyaonyesha.

"Basi umechagua," mama alisema.

"Naam."

Mzaha ukaja. Nawaambia kweli, hata wakati ule ulikuja, mzuri tu, kuhusu mjomba na kidumbaki, ambao ungewachekesha wote na kununua nusu saa. Niliuhisi mdomoni. Nikaumeza.

"Mama, nuksi si yeye," nilisema. "Ni mimi."

"Wewe nyamaza."

"Nilinyamaza mwaka juzi." Nikaenda kwenye kona, nikavuta kigoda, nikaanza kufungua ubao. Skrubu za kwanza ziliniponyoka zikadondoka sakafuni. "Kibomba cha kiyoyozi chako nilikichomeka ukutani kwa sababu watu wa msikitini walilalamika. Niliona aibu. Doa lilipotoka nikajua maji yanaingia, nikaona aibu zaidi, nikalifunika. Miaka mitatu mimi ndiye ninayeozesha sakafu uliyokalishwa wewe na bibi. Kila ulipowaonyesha wageni kiyoyozi na kusema kanifungia mwanangu, mimi moyoni nilikuwa nasema usiku huu nitakitoa kile kibomba. Sikukitoa."

Nikaushusha ubao. Mama akainuka. Alikuwa na magoti mabaya, na hata hivyo alikataa mkono wa mjomba, akapanda juu ya kigoda kile, mimi nikimshika kiuno. Akaomba bisibisi. Akaisukuma mwenyewe.

Alipoivuta, kitu kilimdondokea kiganjani, cheusi, chenye maji, kama chicha za nazi zilizolala. Alikitazama sana. Akakifunga ngumi.

"Nishushe," aliniambia.

Alikaa. Alikuwa mzee kuliko alivyokuwa dakika tano nyuma, na hilo nalo nilifanya mimi. Lakini hakunisemesha mimi. Alimgeukia Yusra.

"Ulijua kama ni Talib?"

Yusra alisita. "Naam."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

"Ukaninywea chai yangu ukijua. Na leo nimekuita nuksi mbele ya watu, ukanyamaza."

"Hilo halikuwa langu kulisema, Bi Mwanamkasi. Lilikuwa lake."

"Na kama asingelisema?"

"Mngesalimika Ijumaa," alisema. "Mimi ningerudi kwetu."

Mama alinitazama kisha akamtazama yeye, kama mtu anayelinganisha vitambaa viwili na havipendi vyote viwili kwa sababu tofauti.

"Wanaweza kukaa wangapi juu?" aliuliza mwishowe. "Wakikaa tu. Wasicheze."

"Hata mmoja."

"Hata biharusi?"

"Huyo ndiyo zaidi."

Hapo Mardhiya alisema kwa meno yaliyofungwa, kwa kuogopa liwa: "Mimi nataka kukalishwa penye hewa. Juu kule, kile kiyoyozi cha kaka hakifiki hata ukutani."

Mjomba Abdulhakim aligeuka upande akikohoa, kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa. Mama alijitahidi sana asicheke, akashindwa upande mmoja wa mdomo.

Wakaanza kupanga. Mjomba alisema kuna uwanja nyuma ya msikiti, atauomba, wafunge mapazia pande zote, biharusi akalishwe kwenye jukwaa dogo juu ya ardhi ya Mungu. Mama alikubali kipande kwa kipande, na kila kipande kilimuuma. Mara moja aliinua macho kuitazama dari, midomo ikamchezacheza. Nadhani alikuwa anamuomba radhi mama yake.

"Wataingia humu tu," alisema ghafla. "Nawajua wanawake wangu. Huyu anataka kuswali, yule anataka kunyonyesha, wale wanataka kupaka wanja wachekane. Wote watapanda juu. Ndiyo wanakokujua."

"Tufunge kufuli," nilisema.

"Ngazi haina mlango, fundi." Lile neno *fundi* alilitamka kwa namna ambayo nitaisikia mpaka nizeeke. "Wewe na kibomba chako nitakufikia, usijione umepona. Hapa panataka mtu wa kukaa chini ya ngazi. Awe na mdomo na adabu, na asione haya kumrudisha mtu mkubwa." Akanyoosha kidole. "Utakaa wewe."

"Mimi?" Yusra alishtuka.

"Sakafu unaijua kuliko sisi."

"Hawatanisikiliza, Bi Mwanamkasi. Mimi mwanafunzi tu. Wataniuliza, wewe nani unatuzuia?"

Mama alifikiri. Alikuwa bado na ile chicha nyeusi ngumini. Akaifungua, akaitia kwenye kisahani cha kikombe chake cha kabatini, akajifuta vidole kimoja kimoja kwa pembe ya kanga.

"Kweli," alisema. "Mwanafunzi hawatamsikiliza. Utawaambia wewe ni mkwe wa nyumba hii."

Mimi nilisimama na skrubu mbili kiganjani. Nilikuwa nimesahau kama nina miguu. Yusra aliinama, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alinitazama, mara moja tu, kwa chini, na macho yake yalikuwa yamejaa. Halafu akamrudia mama, na sauti yake ilikuwa ile ile aliyosomea ripoti.

"Hilo siwezi kulisema, Bi Mwanamkasi. Kwetu hajaja mtu na barua. Nitakuwa muongo."

Mjomba akaacha kukohoa. Mardhiya alisahau liwa, likapasuka shavu zima.

Mama alimtazama yule binti kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama Jumamosi yote.

"Kaka Abdulhakim," aliita, bila ya kumuondolea macho.

"Naam."

"Kesho laasiri una kazi gani?"

"Nnakwenda Mwanakwerekwe. Kuna mtu nimeahidiana naye…"

"Hwendi," mama alisema.